Kichwa kizito kitabaki kizito?



Miezi michache iliyopita nilialikwa kwenye ibada ya mavuno katika mtaa mmoja karibu na Nkwenda, wilayani Kyerwa. Kama unayajua makanisa ya huko, unajua kwamba ibada ile haiishii kwenye baraka. Watu wakishatoka nje mnada unaanza: mikungu ya ndizi, ndoo za maharage, kahawa ya maganda, jogoo aliyefungwa miguu. Mimi mwenyewe nilijitosa nikanunua mkungu ambao sikujua nitausafirishaje.

Katibu wa mnada alikuwa na daftari lake. Pembeni yake alisimama mvulana wa miaka kumi na mmoja hivi, mdogo wa umbo kuliko umri wake, mikono nyuma. Kila katibu alipokwama, nani aliyempandisha jogoo bei, nani amelipa nusu, nani ameahidi kumalizia Jumapili ijayo, alimgeukia yule mtoto, naye akajibu bila kutazama popote. Alikuwa na mnada mzima kichwani.

Nikamsifu kwa mwalimu mmoja aliyekaa karibu nami. Akacheka kwa upole. "Huyo? Darasani ni wa mwisho, au wa pili kutoka mwisho. Yuko la nne na kusoma bado. Ana kichwa kizito." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema mvua imekata. Lakini bibi yake yule mtoto alikuwa kwenye benchi la nyuma yetu, akasikia.

Wakati wa chakula bibi alikuja kukaa nasi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza habari za safari, kisha akaingia kwenye lake. Mama wa mtoto alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu. Mjomba wake sasa anasema sare na madaftari ni hela ya kupoteza, afadhali mtoto aende kwake akachunge ng'ombe. "Wewe umesoma, mwanangu," akasema. "Kichwa kikishakuwa kizito, ndiyo basi?"

Nikamjibu kwamba Mungu anaweza yote. Akaitikia Amina, lakini uso wake haukubadilika. Nilichosema kilikuwa kweli, ila hakikuwa jibu la swali lake. Alikuwa ameuliza habari ya kichwa cha mjukuu wake, na mimi nikamrudishia mstari wa mahubiri. Leo nataka nijaribu kumjibu vizuri zaidi, nawe msomaji ukiwa shahidi. Na nikiri mapema: nilipokuwa nikifundisha shule ya Jumapili, mimi pia niliwahi kumwambia mtoto neno hilo hilo mbele ya wenzake. Hakurudi Jumapili iliyofuata.

Tuanze na kitu chenyewe. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na nusu hivi, na ndani yake zimo seli za neva zinazokadiriwa kufikia bilioni 86. Lakini akili haikai ndani ya seli moja moja. Inakaa kwenye viungo kati yao, na seli moja inaweza kuunganika na maelfu ya nyingine. Mtu anapojifunza jambo, viungo vinavyotumika huimarika, na visivyotumika hudhoofika au hukatwa kabisa. Fikiria njia ya mkato inayopita kwenye nyasi kwenda kisimani. Hakuna aliyeichonga. Imetokea kwa sababu watu wamepita hapo kila siku, na wakiacha kupita msimu mmoja nyasi zinarudi. Wataalamu huita hali hii unyumbufu wa ubongo, yaani uwezo wake wa kujijenga upya kufuatana na matumizi. Hauishi utotoni. Hupungua, tena kwa mambo fulani hupungua sana, lakini hauishi.

Sasa, darasani kuna mtihani, na mtihani unatoa namba, na namba inatoa nafasi: wa kwanza, wa ishirini, wa mwisho. Sisi tunaipokea nafasi ile kana kwamba ni kipimo cha seli zenyewe. Hapa nchini kwetu jambo hili liliwahi kuchunguzwa vizuri sana, na nasikitika kwamba habari zake hazikuenea. Mtaalamu wa saikolojia kutoka Marekani, Robert Sternberg, akishirikiana na wenzake wakiwemo Watanzania, alifanya kazi na watoto wa shule za vijijini Bagamoyo wa miaka 11 hadi 13, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Watoto walipewa majaribio ya kufikiri: kupanga vitu kwa makundi, kutoa hitimisho kutokana na kauli mbili, kubuni kitu kilichofichwa kwa kuuliza maswali. Hadi hapo ni mtihani wa kawaida. Kisha kundi moja likafundishwa, kwa muda usiofika saa nzima, namna ya kuyakabili maswali ya aina ile. Halafu wakapimwa tena.

Alama za waliofundishwa zilipanda, na hilo pengine ungelitegemea. Nililosoma mara mbili ni jambo jingine. Katika kundi ambalo halikufundishwa, waliokuwa juu walibaki juu, na waliokuwa chini walibaki chini. Katika kundi lililofundishwa ule mpangilio ulivurugika. Alama ya kwanza ilikuwa na uwezo mdogo tu wa kutabiri alama ya pili. Yaani baadhi ya waliokuwa mkiani walikuwa wakingoja tu mtu awaonyeshe njia ya kuingilia, na mtihani wa kwanza haukuwa na namna ya kuwatofautisha na wengine. Chini ya saa moja, msomaji wangu. Muda wa ibada ya kwanza kabla ya matangazo.

Sternberg huyo huyo na wenzake walikwenda pia magharibi mwa Kenya, kwa watoto Waluo, wakawapima ujuzi wa mitishamba ya nyumbani: mti gani kwa ugonjwa gani, kwa kipimo gani. Walikuta kwamba waliojua dawa vizuri hawakuwa wale waliofanya vizuri kwenye majaribio ya kishule. Kwa wastani walielekea kuwa chini. Si kwamba dawa zinaua hesabu. Mtoto ana siku moja tu yenye saa ishirini na nne, na ubongo wake unachonga njia pale anapopita. Sasa mfikirie mvulana wa Nkwenda. Nyumbani anaongea Kinyambo, Kiswahili anakikuta shuleni, na kuanzia kushika ndizi sokoni na bibi yake amekulia kwenye bei na madeni. Njia ya hesabu ya kichwani imepitwa mara elfu. Njia ya herufi imepitwa mara chache, tena kwa hofu.

Lakini nisikudanganye, wala nisimdanganye bibi. Wapo wahubiri siku hizi wanaosimamisha watoto mstarini kabla ya mtihani, wakawanyunyizia maji ya upako na kuwatangazia kwamba wote watakuwa madaktari. Ukisoma habari za unyumbufu wa ubongo kwa haraka unaweza kuhubiri uongo huo huo kwa maneno ya kisayansi. Mkoa wa Kagera unazo kumbukumbu zinazotukataza.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kuanzia 1991 hadi 1994, Benki ya Dunia na watafiti wa Muhimbili walizitembelea tena na tena kaya zaidi ya 900 mkoani humo, Karagwe ikiwemo, na wakati huo Kyerwa ilikuwa bado ndani ya Karagwe. Walitaka kujua kifo cha mtu mzima kinaifanya nini kaya. Mwaka 2004 watafiti walirudi kuwatafuta watu wale wale, na 2010 wakarudi tena, wakawafuata hata waliohamia mbali. Watoto wa zamani sasa walikuwa watu wazima. Waliopoteza mama utotoni walikutwa, kwa wastani, wafupi kwa sentimita mbili hivi kuliko ambavyo wangekuwa, na wamekosa karibu mwaka mzima wa masomo. Miaka zaidi ya kumi ilikuwa imepita, na pengo halikuwa limezibika.

Sentimita mbili zinaonekana kwa macho. Ubongo unakua pamoja na ule mfupa, kwa chakula kile kile. Mtoto anapozaliwa ubongo wake una robo hivi ya uzito utakaoufikia, na anapotimiza miaka miwili umekwishafika karibu robo tatu. Kazi hiyo yote inaendeshwa na kilichomo kwenye sahani, na kwa mtoto wa miaka mitano ubongo peke yake unakula zaidi ya theluthi ya nguvu ya mwili mzima. Ndizi zinashibisha. Hakuna mtu wa Karagwe anayelala njaa mwaka ambao mgomba umezaa. Lakini ndizi peke yake haina protini ya kutosha, wala madini ya chuma na zinki ya kutosha, na ndiyo maana mkoa huu wa kijani kibichi umekuwa ukionekana kwenye takwimu za udumavu juu ya wastani wa taifa. Kule Embu, Kenya, watoto wa shule walipewa makande kwa makundi: wengine makande yaliyoongezwa nyama kidogo, wengine pamoja na maziwa, wengine yaliyoongezwa mafuta tu, na kundi la nne halikupewa. Waliopata nyama ndio waliopiga hatua kubwa zaidi kwenye jaribio la kufikiri, na hata uwanjani walionekana wachangamfu zaidi. Nyama ni ghali, najua. Maharage yapo, na dagaa wapo, na yai ambalo kuku wa nyumbani ametaga mara nyingi linapelekwa sokoni ili mwenye nyumba anunue soda ya mgeni. Nimeinywa soda hiyo, tena zaidi ya mara moja.

Kwa hiyo, bibi, jibu la kwanza ni kwamba kuna kilichopotea. Miaka mitatu ya mama haikurudi, na mwili wa mtoto unaonyesha. Anayekuambia hakuna kilichopotea hajamtazama mjukuu wako.

Jibu la pili lilikuwa kwake mwenyewe, naye hakulijua.

Nilimwuliza, kwa mazungumzo tu, yeye alisoma wapi. Akasema hakusoma shule. Baba yake hakuona sababu ya binti kwenda. Alijifunza kusoma akiwa mke wa mtu, akiwa na mtoto mgongoni, jioni chini ya mwembe, kwenye madarasa ya watu wazima. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, mkoa ukiitwa bado Ziwa Magharibi. Vijana wa leo hawaijui sana kampeni ile. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wakati wa sensa ya 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa karibu theluthi mbili. Upimaji wa 1975 ulikuta asilimia 39, na ule wa 1986 chini ya asilimia 10. Vitabu vya kufundishia viliandikwa juu ya kazi ambazo watu walikuwa wanazifanya: pamba kwa wenye pamba, uvuvi kwa wavuvi, migomba kwa wenye migomba. Bibi alicheka alipokumbuka. "Neno la kwanza nililolisoma peke yangu ni *mgomba*," akasema. "Nikaenda nyumbani nikautazama mgomba wangu kama siujui."

Kilichotokea kichwani mwake jioni zile, wakati ule hakuna aliyeweza kukipima. Sasa kimepimwa. Watafiti waliokwenda vijijini kaskazini mwa India waliwafundisha watu wazima wasiojua kusoma, wengi wa umri wa miaka thelathini hivi, na kuwapiga picha za ubongo kabla na baada. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Miezi sita ilitosha. Mabadiliko hayakuwa kwenye gamba la nje la ubongo tu. Yalifika hadi sehemu za ndani kabisa, zinazopokea habari za macho kabla hatujajua kwamba tumeona. Kusoma hakukuumbwa ndani yetu. Binadamu alikaa duniani muda mrefu mno bila maandishi. Kila anayejifunza, akiwa na miaka sita au thelathini, anayaazima maeneo yaliyokuwa na kazi nyingine na kuyafunga pamoja upya.

Sisi huwa tunasema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli kwa sehemu. Lafudhi ya lugha, uwezo wa macho kushirikiana na ubongo, mambo hayo yana dirisha lake, na dirisha hilo hufungwa pole pole mapema. Lakini methali ile imegeuzwa kuwa ruhusa ya kukata tamaa, na tena tunaitumia kwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, kana kwamba amekwishakaushwa. Bibi alikunjika akiwa na watoto wanne.

Sasa nenda nami Bethsaida. Marko, katika sura ya nane, anasimulia jambo ambalo halimo katika Injili nyingine. Kipofu analetwa kwa Yesu. Yesu anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, anampaka mate machoni, anamwekea mikono, kisha anamwuliza kama anaona kitu. Yule mtu anajibu kwa uaminifu wa ajabu: anaona watu, lakini kama miti, nao wanatembea. Ndipo Yesu anamwekea mikono mara ya pili, na sasa anaona sawasawa.

Wafafanuzi wamehangaika na mara ile ya pili. Je, uwezo ulipungua? Sitaki kusema Marko alikuwa akiandika habari za neva. Lakini ninajua kilichokutwa nchini India, ambako Profesa Pawan Sinha na wenzake wamekuwa wakiwasaidia watoto na vijana waliozaliwa na mtoto wa jicho kupata upasuaji wakiwa wamechelewa miaka mingi. Bandeji ikitolewa, jicho liko safi. Mwanga unaingia. Na bado mtoto haoni kama wewe unavyoona. Mwaka 2011 walieleza jinsi wachache kati yao, wa miaka 8 hadi 17, walivyoshindwa kutambua kwa macho umbo ambalo mikono yao ilikuwa imeligusa muda mfupi tu kabla. Baada ya siku kadhaa walianza kuweza. Jicho lilitibiwa kwa saa moja. Ubongo ulihitaji muda wake. Na si kila kitu kilirudi: ukali wa kuona ulibaki pungufu.

Watu kama miti. Kwa macho ya mwalimu yeyote anayetunga mtihani, jibu lile ni sifuri. Watu si miti. Yesu hakuandika sifuri, wala hakumrudisha kijijini na taarifa kwamba imeshindikana. Aliuliza swali ili ajue mtu amefika wapi, akalipokea jibu lililokosewa nusu, akaweka mikono tena. Bagamoyo walifanya jambo linalofanana na hilo, wapende wasipende kuitwa wahubiri: walipima, wakafundisha, wakapima tena.

Nasikia mwalimu akiniambia, mchungaji, wewe hukufundisha watoto themanini na mbili kwenye chumba kimoja. Ni kweli, sikufundisha. Simlaumu yule wa Nkwenda, na baada ya chakula tuliongea vizuri. Aliniambia mwenyewe kwamba mtoto huyu akiitwa ubaoni hutetemeka, na kwamba aliwahi kuchapwa kwa sababu ya kutosoma. Hapo sayansi haina mashaka na bibi hana mashaka. Mwili ulioingiwa na hofu unajiandaa kukimbia, na homoni za hofu zikikaa muda mrefu zinadhoofisha sehemu ile ile ya ubongo inayotunza kumbukumbu mpya. Fimbo inaweza kumfundisha mtoto kukaa kimya. Haimfundishi *ba, be, bi*.

Jua lilipoanza kushuka upande wa mto Kagera niliaga. Mkungu wangu ulikuwa umefungwa nyuma ya pikipiki kwa namna ambayo dereva alisema itafika. Yule mvulana akaja mbio, akasimama, akaamkia shikamoo huku akitazama chini.

"Ulinunua kwa elfu kumi na mbili," akasema. "Umetoa kumi."

Kweli kabisa. Nikaona aibu, nikatoa elfu mbili. Bibi alikuwa amemfuata taratibu, na mkononi alikuwa na lile daftari. Sijui alimwombaje katibu. Akalifungua juu ya kiti cha pikipiki, akatafuta kwa miwani yake iliyofungwa uzi upande mmoja, akachukua kidole cha mjukuu wake akakiweka kwenye mstari.

"Huyu ni nani?"

Mtoto alijua vizuri ni nani aliyenunua kwa elfu kumi na mbili. Akanitazama mimi, akatazama karatasi. Midomo ikaanza kusogea. Alitoa silabi ya kwanza ya jina langu, akanyamaza, kidole kikiwa pale pale. Dereva akawasha pikipiki, bibi akamwonyesha kwa mkono kwamba azime.